Gauni la Nyiraneza

Biryogo, Kigali
21 Aprili 1992

Kwako Baba,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila goti la Bibi linamsumbua. Wewe na Bujumbura mnaendeleaje?

Naona aibu, lakini bora ulisikie kwangu. Yale magauni kumi na mawili ya kwaya tuliyoshona dukani yameleta maneno. Wanakwaya kumi na mmoja walichukua yao, wakayafua kwa ajili ya Pasaka, walipoyavaa hayakufungika. Mama Donatille, kiongozi wao, alimwambia Fundi Cyriaque mbele ya watu: "Umetupimisha kwa mtoto anayeogopa kugusa mtu!" Wote wakacheka.

Ni kweli naona haya, Baba. Lakini nilipima sawasawa. Kitambaa kilinywea kwenye maji kwa sababu hatukukiloweka kabla ya kukata. Nilimwambia Fundi kwa sauti ndogo, akanipa ufagio. Sasa kazi yangu ni kufagia nyuzi.

Mwanao,
Raihana

Bujumbura
3 Mei 1992

Mwanangu Raihana,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Mpe Bibi pole.

Nilimwomba mwenyewe rafiki yangu Cyriaque akupokee ujifunze ushoni ulipomaliza shule. Yeye ana miaka ishirini kwenye cherehani, wewe miezi minne, halafu kosa liwe la kitambaa? Hata shangazi zako unawasalimu ukiwa nyuma ya mlango. Kazi ya kupima watu si yako. Mwisho wa Juni nitakuja kukuchukua.

Baba yako

Biryogo, Kigali
20 Juni 1992

Kwako Baba,

Salamu nyingi, na Idd njema ingawa imepita. Bibi sasa anatembea hadi kwa jirani.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukuonyesha. Sasa ninalo. Gauni moja lilibaki dukani bila kufuliwa, la mwanakwaya Nyiraneza, aliyekuwa Butare akimuuguza mama yake. Jumanne alirudi akalivaa. Baba, lilimkaa!

"Hilo kabahatisha," akasema Mama Donatille.

Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikasema, na safari hii walisikia: "Basi tulifue."

Nililipima gauni mbele yao, tukalifua, tukalianika. Kesho yake lilikuwa limepungua vidole vinne. Nyiraneza alivuta pumzi mpaka macho yakamtoka, halikufungika.

Nyiraneza akalivua, Fundi akalipima mwenyewe. Kisha akawaambia wote: "Kosa ni langu. Huyu aliniambia, nikajifanya sisikii." Akavua futi ya kupimia shingoni mwake, akanivisha mimi.

Mama Donatille akainua mikono. "Haya binti, nipime upya. Na usinionee haya, tumbo ni langu mwenyewe."

Nikampima yeye wa kwanza. Baba, usije kunichukua.

Mwanao,
Raihana

Bujumbura
27 Juni 1992

Fundi Raihana,

Salamu kwako na kwa Bibi. Barua yako nimewasomea mafundi cherehani wa barazani hapa kwetu mara mbili. Ya tatu walinikimbia.

Nilikukosea, mwanangu. Nilimwamini rafiki kabla ya kukuamini wewe.

Jumanne nakuja kama nilivyosema, ila sikuchukui. Nataka kanzu, na sitapimwa na mtu mwingine. Kitambaa nimeshakiloweka.

Baba yako,
Shafiq