Makaa Yaliyokataa Kuwaka

Mama,

Nakuandikia nikiwa mlangoni, imbabula, jiko letu la makaa, ikiwaka karibu na miguu yangu. Makaa ni yale yetu: vumbi la makaa tuliloliokota sokoni, maganda ya ndizi yaliyooza, karatasi zilizolowekwa, vyote vimekandwa na kuanikwa juani. Majirani walikuita Mama Takataka. Nawe ukawajibu, "Mucheke tu. Pori ikiisha, mutapikia meno?" Nacheka peke yangu nikikumbuka, halafu nalia.

Mengi yamebadilika tangu mlima ulipotapika moto, tukakimbilia Sake na kifua chako kikakushinda njiani. Waasi wamekuja. Barabara ya Rutshuru imefungwa, makaa ya porini hayafiki. Sasa wale wale waliokucheka wanabisha hodi wakitaka niwafundishe. Ungekuwepo ungewazungusha kwanza, nakujua.

Watu wa Masisi nao wamejaa hapa mtaani kwetu Lac Vert, wamekimbia vita. Mmoja wao ni Mama Furaha, mwenye mtoto mchanga. Alifika jioni, akafunga turubai yake katika bonde dogo la nyuma, karibu na kaburi lako. Sisi tulikuzika pale kwa sababu ndipo penye udongo. Kwingine ni mawe meusi ya volkano matupu. Yeye alipapenda kwa sababu nyingine. Kwao milimani, mwenye akili hulala bondeni ili upepo wa baridi umpite juu.

Asubuhi akaja kwangu na hasira, kipande cha makaa niliyompa kiko mkononi.

"Yaya, dada yangu, makala yako imekatala kuwaka! Nimepuliza mpaka kichwa inazunguka."

Nikakichukua kipande kile kile, nikakiweka kwenye imbabula yangu. Kikashika moto papo hapo. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Iko analala muzuri sana. Leo hata hakulia."

Mama, nikajua kosa si la makaa. Nilikwapua kopo lako la maziwa, lile lenye mshumaa ndani na waya wa kuliteremshia, nikakimbia. Ulipokuwa hai bonde lile halikuwa na ubaya wowote. Sasa kulikuwa kimya kupita kiasi. Nyasi hazikutikisika. Njiwa wawili walikuwa chini, mabawa yamekunjwa vizuri, kana kwamba wamelala. Hakukuwa na harufu wala moshi, na jua lilikuwa bado halijafika pale. Nikawasha mshumaa, nikateremsha kopo. Usawa wa kiuno, mwali ulisimama wima. Usawa wa goti, ukazima bila upepo wowote, kama kuna mtu amejificha chini na kuupuliza.

Mazuku. Ile hewa mbaya ya ardhini uliyonionya tangu utotoni, isiyoonekana, inayolala mahali pa chini kabla jua halijapanda, ikizima moto na kuua kimya kimya.

"Ni bulozi," Mama Furaha alinong'ona nyuma yangu, akidhani ni uchawi. Sikuwa na muda wa kubishana naye. Nilibana pumzi, nikaingia chini ya turubai, nikamnyanyua mtoto kutoka mkekani. Alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Tulipanda naye hadi kwenye mawe, penye upepo, mama yake akiita jina la Yesu. Nikamsugua mgongo, nikampulizia usoni. Kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Sasa wanakaa huku juu, karibu na mlango wetu. Mama Furaha ndiye anayezunguka na kopo kila asubuhi kabla watoto hawajatoka kucheza, na mwali unapozima anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Anawafundisha wenzake wa Masisi kukanda makaa, na somo lake la kwanza silo langu: "Moto ikikatala, usiulize. Beba mutoto, panda juu." Miche ya grevilea, miti ya kuni za kesho, tumeipanda kando ya mawe, udongo tukiubeba kwa beseni kama ulivyofanya wewe.

Jana nilikuja kukusalimu. Nilitaka kupiga magoti, nilaze shavu kwenye udongo wako, maana nimekukosa mno. Lakini nikateremsha kopo kwanza, kama ulivyonizoesha. Mwali ukazima juu yako. Nikawasha tena. Ukazima tena. Labda ni ujinga wangu, lakini nilisikia kabisa mkono wako ukinishika bega na kunivuta nyuma.

Sikuinama, Mama.

Lala salama. Nakuahidi mwali wako hautakosa mtu wa kuubeba. Na kila Jumapili nitakuja kukulilia, nimesimama.

Mwanao,
Riziki