Hatua ya Kwanza Niliyoifuta

Wifi yangu Somoe,

Dua nakuombea kila siku, kwa hiyo barua hii ni ya jambo jingine. Nataka kukuambia nilichokufanyia baada ya arobaini yako, maana nimekaa nacho moyoni na hapa Mikindani sina wa kumwambia. Kaka yangu ndiye mumeo, mama ndiye mkweo, na ukitajwa tu wote wawili wanafuta machozi. Nitawaambia nini?

Nilikuonea wivu, wifi. Nilikuonea ukiwa hai, nikakuonea ukiwa kaburini, na huu wa pili ulikuwa mbaya zaidi.

Uliolewa kwetu ukitokea Msimbati, kompyuta hujawahi hata kuigusa. Mimi ndiye niliyekuketisha barazani nikakushikisha kipanya. Mimi ndiye niliyekuambia kuna lugha ya programu isiyo ya kampuni yoyote, watu wa dunia nzima wanaitengeneza kwa kujitolea, na wanatafuta wa kuiandikia maelezo ya Kiswahili. Tukagawana. Mimi nikachukua kurasa za lugha yenyewe, zile za heshima. Wewe nikakuachia ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeutaka, wa ile zana ya kuanzishia mradi: inayopanga mafaili, inayoleta maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kutoka mtandaoni, inayojaribu kazi kama inakwenda.

Kurasa zangu hakuna aliyezisoma. Wako ukatembea. Watu wakakuandikia kutoka Songea, kutoka Pemba, na mama, ambaye hata kuwasha kompyuta hajui, akawa anawaambia wageni, "Mkwe wangu anafundisha watu kompyuta." Mimi binti yake nimekaa palepale nachambua mchele.

Siku ya arobaini simu yako iliwekwa mezani, rambirambi zikawa zinaingia kutoka kwa watu tusiowajua, na kaka anazisoma kwa sauti. Karibu zote zilitaja ukurasa ule. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alikufundisha. Nikaingia jikoni kusaidia kupakua pilau, na humo humo nikaamua.

Wiki ile nikaufungua ukurasa wako. Hatua ya kwanza uliandika: "Ukiwa bado uko penye mtandao, shusha kila kitu. Kisha zima data, ujaribu. Ikikubali, ndipo urudi nyumbani." Maelezo ya Kiingereza hayana kitu kama hicho. Yanasema anza mradi, zana italeta yenyewe inachohitaji. Nikasema, leo nimekukamata. Nikaifuta hatua yako, nikaandika ukurasa upya kwa maneno ya kamusi, na chini nikaweka jina langu. Lako likabaki kwenye kumbukumbu za mabadiliko, ambako hakuna anayechungulia. Wasimamizi wa mradi, ambao Kiswahili hawakijui, wakanishukuru na kupitisha. Siku ile nilikula nikashiba, wifi. Sikufichi.

Kisha mwalimu mmoja wa Nanyamba akaniandikia kwa adabu zake zote. "Dada, hongera, Kiswahili cha ukurasa mpya ni kizuri. Ila wanafunzi wangu wamekwama hatua ya pili na shule haina mtandao. Kwa ule wa Bi Somoe nilikuwa nashusha kila kitu mjini, nabeba kwenye flashi." Sikumjibu. Nilijiambia hajui kufuata maelekezo.

Jibu nililipata kwenu. Mama alinituma Msimbati kumpelekea mama yako nguo zako, na kompyuta yako nikaibeba. Mama yako akanitandikia mkeka uani, akaniletea mihogo, akasema, "Mwanangu, hebu nioneshe hicho alichokuwa akifanya." Nikaanza mradi mpya kwa kufuata ukurasa wangu, niliokuwa nimeuhifadhi. Hatua ya pili yakaja maandishi mekundu. Nikarudia, mekundu tena. Simu yangu haikuwa na mtandao hata kidogo. Mama yako akatazama kwa upole, akasema, "Yeye ilikuwa inamkubalia hapa hapa."

Ndipo nikakumbuka maneno yako ya barazani, yaliyoninunisha siku mbili: "Wifi, wewe unawaandikia wenye mtandao." Nilidhani ni kijembe, kwamba nimekulia mjini najiona. Kumbe ulikuwa unanifundisha kazi, na mimi nilijua mwalimu ni mimi.

Ukurasa wako wa zamani ulikuwemo kwenye kompyuta, pamoja na maktaba zote ulizoshusha kwa mkono wako. Nikaufuata. Mradi ukaanza mara moja, na mama yako akashika mdomo. Hata hapo, wifi, kilichonipata kwanza kilikuwa wivu. Kilio kilikuja baadaye.

Nimeirudisha hatua yako neno kwa neno, na jina lako nimeliweka juu. Mwalimu nimemwomba radhi. Sasa, kila ukibadilisha ukurasa mradi unakutaka uandike sababu, na sababu hiyo inabaki hapo siku zote. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Kwanza niliandika, "Marekebisho madogo." Nikafuta. Nikaandika, "Hatua hii niliifuta kwa wivu. Mwenyewe hakukosea." Wasimamizi hawakuelewa, wakapitisha. Ikae hapo, ajuaye Kiswahili aisome.

Nakuahidi sitaweka tena ukurasa wowote mtandaoni kabla sijazima data na kuujaribu mwenyewe. Kuacha wivu sikuahidi. Jana tu mama alimwambia jirani kwamba hajaona mkwe kama wewe, na mimi nimesimama hapo na ndoo ya maji. Iliniuma.

Mungu akulaze pema, wifi. Ukurasa ni wako. Mimi nitakuwa naufagia.

Wifi yako,
Mwanahawa