Simu Ilikuwa ya Watu Wawili

Baba,

Shikamoo. Nimeshafagia uani, nimekaa barazani nikuandikie kabla jua halijawa kali.

Jibu la malalamiko yako limekuja. Lilifika wiki moja baada ya arobaini yako, kwenye bahasha yenye jina lako, na aliyeileta akanitaka nisaini kwamba mwenyewe amepokea. Nikasaini. Nilishindwa kumweleza.

Ni nusu ukurasa tu. Wanasema wamechunguza lalamiko lako dhidi ya watu wa usalama, na hawakuona sheria iliyovunjwa. Kama simu yako ilisikilizwa au haikusikilizwa, hawasemi. Nimelisoma mara nyingi nikiitafuta siku ile waliyokuita kwa sababu ya barua uliyowaandikia majirani kuhusu viwanja vya pwani, huku Mbegani. Siku kijana wao mmoja alipokutazama, wewe fundi wa mashine za boti uliyestaafu kwa heshima yako, akakuambia, "Mzee, na maradhi hayo bado unahangaika na viwanja?" Akayataja kwa jina, mbele ya watu.

Ulikuwa umeniambia mimi peke yangu, kwa simu, nikiwa kazini Tanga. Hata Ba'mdogo hakujua. Ndiyo maana uliniuliza, "Mwanangu, umemwambia nani?" Nikaapa kwamba sijamwambia mtu. Hukuniamini. Tukakaa miezi miwili tunasalimiana kama watu wa ofisi moja.

Halafu ukanipigia. "Nisamehe, mwanangu. Walikuwa wanatusikia." Ukakata upesi.

Nilikusamehe siku hiyohiyo. Lakini kuanzia hapo hukunitajia tena ugonjwa kwenye simu. Kila nikikuuliza, ni "sijambo, alhamdulillahi." Nami nikaamini, Baba. Nilikuwa na likizo nikaiahirisha, kwa sababu ulikuwa hujambo. Nilipofika nyumbani ulikuwa huwezi hata kuketi. Siku tisa tu nilizopata na wewe...

Nilikwenda Dar na ile barua yao, kwenye ofisi inayopokea malalamiko. Alinipokea mama mmoja wa makamo, akanikaribisha kiti, akalisoma jalada lako lote bila haraka. Kisha akasema, "Pole sana. Ila mlalamikaji akifariki, jalada tunalifunga."

Nikamwambia, "Simu ilikuwa ya watu wawili, mama. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili."

Akafungua saraka ya meza yake, akanipa fomu mpya.

Nikajaza jina langu, namba yangu, siku ulizokuwa ukinipigia kadiri ninavyokumbuka. Nilipofika penye kuandika ni siri gani iliyotoka, sikuitaja. Nikaandika: jambo la afya ya baba yangu. Yule mama akasogeza kidole pale, akasema kwa upole kwamba inatakiwa niutaje ugonjwa wenyewe, maana bila hivyo wataona hakuna cha kuchunguza.

Nilifikiria, Baba. Nikaona makarani watakaolishika lile jalada, mmoja baada ya mwingine. Nikaona na wale wale walioyasikia maradhi yako mara ya kwanza wakiletewa wayasome tena, safari hii kwa mwandiko wa mwanao. Nikamrudishia fomu kama ilivyo.

Akanionya kwamba huenda ikakataliwa. Nikamjibu kwamba nimeelewa. Akaigonga muhuri.

Hadi leo sijajibiwa. Ba'mdogo ananiambia niache, waliokufa hawarudishwi na fomu. Nyumba iko kimya. Nikiongea kwa simu najikuta nachagua maneno, hata nikiongea habari za bei ya unga.

Nakuahidi hivi: wakiniita, nitakwenda. Nitakaa mbele yao niwaeleze namna walivyotutenganisha, miezi ile miwili na baadaye, ulipokuwa unaumwa peke yako ili tu wasitusikie. Hayo nitawapa yote. Jina la maradhi yako hawatalipata kwangu.

Pumzika, Baba yangu. Mola akupokee kwa rehema zake.

Mwanao,
Mwanaidi