Mpwa si Mganga

Brisbane, 6 Machi

Mjomba Blasius,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la Mama limetulia. Mimi sijambo, ila huku wanakula chakula cha jioni mapema mno, jua hata halijazama.

Masomo yameanza. Ni stashahada ya uzamili ya ushauri nasaha kwa sisi ambao kazi zetu zinatukutanisha na watu waliofikwa na makubwa: vita, moto, mafuriko, kupigwa na wa nyumbani. Tuko manesi, polisi wawili, mwalimu wa shule ya msingi na dereva wa ambulensi. Jana mwalimu wetu, Bi Quillan, alitupa kanuni: usimhudumie ndugu yako. Nikanyoosha mkono. "Kwetu kisiwani, Arawa, asiye ndugu yangu ameoa kwetu. Nimhudumie nani?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hilo ndilo swali lako. Uniletee jibu kwenye kazi yako ya mwisho."

Julai nitakuja nyumbani kwa mazoezi ya kazi. Tafadhali niombee ukumbi wa parokia. Padre hawezi kukunyima wewe.

Mpwa wako,
Theonila

Arawa, 2 Aprili

Mpwa wangu Theonila,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako linauma akiambiwa akapalilie. La kwenda sokoni haliumi. Kakao imeingiliwa na wadudu, matunda mengi tumeyazika.

Ukumbi umepatikana, Jumanne na Ijumaa. Watu wanauliza kama kuna sindano. Nimewaambia ni kukaa na kuzungumza. Jirani yetu Linus akasema, "Kukaa na kuzungumza mbona tunafanya kila siku, na hatuna diploma?" Lakini atakuja. Hata wale waliokuwa upande mwingine wakati wa vita watakuja.

Mimi nitakupangia mabenchi. Kuzungumza niachie wenye shida.

Mjomba wako,
Blasius

Brisbane, 11 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama. Hukuja kuniaga, na Mama alisema siku hizi unalala shambani, kwa hiyo naandika yale ambayo ningekuambia kwa mdomo.

Ijumaa ile helikopta ya wapima ardhi ilipopita juu ya ukumbi, wote tuliinua macho, maana wakati wa vita helikopta ndizo zilizotusaka. Wewe ulikuwa mlangoni. Kufumba na kufumbua nilikuwa sakafuni chini ya benchi, na wewe juu yangu. Ulikuwa unasema, "Usilie, usilie, watatusikia." Nami nilikuwa silii, Mjomba. Nina miaka ishirini na saba. Nikakutajia siku, nikakutajia ukumbi, nikakuambia Linus yuko pale, Mama yuko pale, mpaka ukanyanyuka. Ukapangusa suruali, ukatoka.

Hakuna aliyecheka. Linus alisema tu, "Wakati wa vita binti huyu alibebwa na mjomba wake porini tangu hajaota meno."

Nimemweleza msimamizi wangu, na nimewaza sana. Wengine wa pale ukumbini, hata wa ukoo, naweza kukaa nao. Wewe siwezi, kwa sababu mtoto uliyekuwa unamfunika ni mimi. Bruda Donatus wa Buin alisomea haya kabla yangu, na si ndugu yetu. Nakuomba uende kwake.

Mpwa wako,
Theonila

Arawa, 1 Septemba

Theonila,

Mama yako hajambo.

Nilikutafunia viazi nikakulisha kwa mkono wangu. Leo umesoma, na mimi unanikabidhi kwa mtu wa Buin kama nguruwe wa kulipia fidia ya ugomvi. Siumwi. Niliteleza. Usiniandikie tena mambo hayo.

Blasius

Brisbane, 20 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniambia bado hujarudi kulala nyumbani. Mambo yale sitayaandika. Naandika yangu.

Tangu nirudi, mashine ya kukata nyasi ikinguruma jirani kama helikopta, najibanza ukutani. Darasani nilitoka katikati ya somo nikakaa chooni, na wiki moja nilifunga mizigo niache masomo. Hapa kila mmoja wetu lazima awe na mtu wake wa kumweleza, maana mganga hajigangi. Wangu ni mama mmoja anaitwa Farrugia. Nimemweleza juu ya mgongo wako, ulivyokuwa mzito na huku unatetemeka. Nililia kwa sauti kubwa, nikamaliza, nikaenda kununua mkate.

Bi Quillan nimempa jibu lake. Nimeandika kwamba kwetu nitawahudumia ndugu, maana wengine hakuna. Ila yule ambaye akianguka naanguka naye, huyo nitampeleka kwa mwenzangu. Amenirudishia niongeze kurasa.

Msalimie Linus.

Mpwa wako,
Theonila

Arawa, 9 Desemba

Mpwa wangu Theonila,

Natumaini u mzima na mashine ya nyasi imepungua makali. Mama yako anakusalimu. Nalala nyumbani.

Nilikwenda Buin. Mara ya kwanza nilimwambia yule Bruda nimekuja kuulizia dawa ya wadudu wa kakao. Akanijibu habari za wadudu, akanipa chai, nikarudi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akaniambia, "Mzee, wadudu nao tumewamaliza. Leo tunazungumza nini?" Nikacheka, kisha nikakaa.

Niliyomwambia sitakuandikia. Usiniulize, wala usimchimbe mama yako, hajui. Siku nikitaka kukuambia, nitakuambia kama mjomba, na wewe utasikiliza kama mpwa, bila kalamu. Linus naye sasa anataka tufuatane. Nimemwambia atafute siku yake.

Krismasi uje. Nguruwe yupo, na mama yako ameshaalika watu wengi kuliko nyama.

Lori la kurudi Arawa huondoka jioni. Kwa hiyo nikitoka kwa Bruda nanunua samaki wa kuchoma, nakaa sokoni Buin mchana kutwa, sina ninayemchunga wala ninayemsikilizia. Juzi usingizi ulinichukua palepale kwenye benchi, mbele ya watu, na muuza samaki ndiye aliyeniamsha lori lilipopiga honi.

Mjomba wako,
Blasius