Tumbo Moja

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua, ila nyumba imekuwa kubwa mno ghafla. Simu ilikwambia tu kwamba mama ametutoka. Haikukwambia alivyoondoka, nami nataka ulijue hilo.

Lile donda la mguuni, la sukari, lilitibiwa kwa dawa kali za kuua vijidudu, miezi kwa miezi. Donda likaanza kufunga, tumbo likafunguka. Mama akaharisha hadi akashindwa kusimama mbele ya tanuri lake la mikate. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani mizito, alitueleza kwamba tumboni mwa mtu huishi vijidudu visivyohesabika, na vingi ni vyema: vinasaga chakula, vinafukuza vibaya, na wataalamu wanazidi kuona kwamba vina mkono hata katika sukari na unene. Dawa zilikuwa zimeteketeza shamba zima, magugu na mazao. Tiba iliyobaki ilikuwa kuchukua choo cha mtu mwenye afya, kukisafisha na kukipandikiza tumboni mwa mama.

Ungemwona mama! Alicheka akishika mbavu. "Nimewatawaza nyote tangu uchanga, leo ndiyo mnanirudishia mzigo wangu?"

Nilijitolea wa kwanza. Wakanipima, kisha daktari akaniita kando na kuniambia sifai: mimi pia nina sukari. Mimi, niliyejiona jabali, ninayebeba mbao begani kutwa nzima! Usipuuze, dada, nenda nawe ukapimwe.

Akapatikana mwingine, na kuhara kukakoma. Mama akarudi kuwa mama: akala, akagombana na muuza unga, akaketi kando ya tanuri akikosoa kila mkate. Nilidhani tumevuka. Kumbe figo, zilizochoshwa na sukari ya miaka mingi, zilikuwa zikizimika kimyakimya. Daktari alisema tumbo lilipona kweli, lakini mwili ulikuwa umetangulia kuchoka. Mama alituaga asubuhi moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa mtu ninayetaka kukutajia sasa.

Mama alinikataza nisikwambie akiwa hai. Aliyemtolea kile choo ni mke wangu. Ndiyo, huyo huyo mliyembandika jina Kijiti, mkisema hajui hata kukanda unga. Hakuna aliyemwomba. Alisikia mimi nimekataliwa, akavua aproni, akaenda hospitali mwenyewe. Mama aliona haya kukwambia, maana mlimsema pamoja. Baadaye hakukubali mwingine amwogeshe. Nilimsikia akimwambia, "Nilikuhesabu mtu wa kuja, mwanangu. Sasa mimi na wewe ni wa tumbo moja." Mke wangu aliendelea kumsugua mgongo huku machozi yakimtiririka.

Tangu mazishi hali wala halali vizuri. Jana nilimkuta amekaa mbele ya tanuri lililopoa, unga mikononi, hajui aanzie wapi. Mimi maneno yameniishia. Mwandikie, dada. Usinijibu mimi, mwandikie yeye.

Wabusu wanao, na shemeji mpe mkono wangu. Mungu atushike sote tuliobaki.

Ni mimi mdogo wako,
Seremala