Vifaa vya Boti Vilivyohamia Chumbani Kwangu

Baba, usitoe boti kabla sijarudi. Nimekimbilia dukani kununua betri za tochi.

Asubuhi nilikuwa nafua soksi zangu kama kawaida, mara kaka akaniita kutoka kwenye boti: "Mtaalamu wa usalama, ndoo ya kutolea maji iko wapi?" Nikaangalia chini. Soksi zilikuwa zinaelea ndani yake.

Na orodha ya vifaa vya usalama niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, nikaibandika botini. Kamba nilianikia nguo. Betri nilitia kwenye redio yangu, zimekwisha. Jaketi la kujiokolea nalikalia nikisoma. Kaka alicheka hadi akakaa chini: "Dada, boti ikizama, tukimbilie chumbani kwako."

Ndoo na kamba nimerudisha. Jaketi hili hapa mezani. Filimbi imo mfukoni mwake. Kaka asiipulize kuniita.

~~Ukiona joto, si lazima ulivae.~~

Hapana, livae. Siku zote nasingizia kanuni za usalama tunazofundishwa chuoni. Ukweli ni kwamba ukiwa majini chakula hakinipiti kooni mpaka nisikie injini yako ikirudi. Naogopa kukupoteza, Baba.

Binti yako