Komprime Yangu na Chupa ya Mama

Jumatatu, 2 Juni
Komprime, kidonge changu cha kila siku, baada ya uji, maji mengi. Kichefuchefu kama kawaida. Nimefundisha chimie, somo la kemia, darasa la tano la sekondari nikiwa nimekaa, wanafunzi wamezoea. Leukemia yangu, kansa ya damu, ni ile sugu, ya polepole. Dokta anasema nikimeza dawa kila siku naweza kuzeeka nayo. Ninataka kuzeeka.

Mama amefika na boti kutoka Bukavu. Anasema amekuja kunitunza. Ameleta maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na chupa ya maji meusi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeuliza habari ya chupa. Ni ya Papa Zakaria, muuza majani ya dawa wa mji wa Kiwanja. Eti inasafisha damu. Eti niache komprime, viwili havipatani. Nimekataa. Mama amelia. Nimekataa tena.

Sidharau miti. Pervenche, lile ua linaloota kati ya mawe meusi mbele ya nyumba ya jirani, limetoa dawa za kansa. Hata kwa ugonjwa wangu huu kuna dawa iliyoanzia kwenye muti wa China. Lakini watu walitafuta kitu kimoja ndani ya jani, wakakitenga, wakakipima, wakajua kiasi kinachosaidia na kiasi kinachoua. Mutu akijitafunia pervenche hivihivi, anajitia sumu. Chupa hii nani aliipima?

Jumanne, 10 Juni
Ninatapika tangu Jumamosi. Mkojo mweusi. Macho ya njano. Wanafunzi wameyaona kabla yangu.

Jumatano, 11 Juni
Hospitali. Ini linaumia. Dokta ameuliza nimekunywa nini zaidi ya dawa yake. Nimesema hakuna. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, akaangalia chini. Hapo nikajua.

Alikuwa anatia maji ya ile chupa ndani ya uji wangu. Kila asubuhi.

Dokta amemfokea, ameita majani mambo ya giza. Nimemwambia asiongee hivyo na mama yangu, na kwamba dawa nyingi za kabati yake zilianza kama majani. Ameandika kwenye faili yangu. Halafu amesimamisha komprime mpaka ini litulie. Sasa bila dawa wengu utavimba tena, kama kabla sijaanza komprime.

Nina hasira. Kurudi nyumbani nimetangulia, Mama akafuata nyuma.

Jumapili, 15 Juni
Kaka yangu Bahati ameita kikao cha familia baada ya misa. Na amemualika Papa Zakaria, aje kunielewesha. Muzee mwembamba, koti safi, mpole. Kila mutu alisema zamu yake: nisikie wakubwa, nimwonee Mama huruma, dokta ameshindwa. Nimewaacha wamalize. Halafu nimesimama.

Nimemuuliza Papa Zakaria, kwa heshima, wagonjwa wa namna yangu aliowatibu wako wapi leo. Amesema waliopona hawarudi kumuambia. Nimeuliza, na waliokufa? Amesema hao pia hawarudi.

Bahati amesema amesoma kwenye simu kwamba majani yanaua kansa ndani ya labo, kwenye maabara.

"Ndani ya labo hata javeli ya kufulia nguo inaua kansa," nimemjibu. "Lakini hakuna anayekunywa javeli."

Kisha nimemgeukia Mama. Hili nilitaka lisikike.

"Mimi ni mugonjwa, si mujinga. Mwili ni wangu. Hakuna mutu atatia tena kitu ndani ya chakula changu."

Shangazi amesema nimekosa adabu. Sawa. Nimekosa.

Mwisho nimemuuliza Papa Zakaria ni muti gani ulio ndani ya chupa. Bahati amesema hiyo ni siri ya kazi yake. Muzee mwenyewe alinitazama, akaaga.

Jumanne, 17 Juni
Papa Zakaria amerudi, peke yake. Ameniletea tawi lenye majani na maua, limefungwa kwenye jani la mgomba. Amenipa jina la muti kwa Kinyarwanda. Anasema wengine walimuuliza wapate kuuza kama yeye. Mimi niliuliza nipate kujua. Nimemuomba asimwambie tena mugonjwa aache dawa ya hospitali. Hakuahidi. Amesema atafikiri. Nimemwambia nitamuuliza tena.

Tawi nimelipeleka kwa rafiki yangu anayefundisha botanike, elimu ya mimea, chuoni. Labda lina kitu, labda halina. Kujua kunaweza kuchukua miaka. Nitangoja. Lakini silinywi.

Jumatatu, 23 Juni
Ini limetulia. Wengu umevimba, ninausikia nikiinama. Nimeanza tena komprime. Nimemtajia Dokta lile tawi; ameniuliza habari zake, kwa sauti ya chini, bila kucheka. Nikamueleza.

Jumamosi, 28 Juni
Nimemsindikiza Mama mpaka bandari ya Kituku. Ziwa limetulia, wanawake wanauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Tumekaa juu ya mizigo kungoja boti. Mama aliona watoto wake wawili wakifa kabla mimi sijazaliwa. Leo ndiyo mara ya kwanza ameniambia majina yao. Alisema hakuweza kukaa tu akiangalia tena.

Sikumwambia kwamba alichofanya si kitu. Ni kitu. Nimemshika mkono.

Halafu akauliza, "Wakiona ule muti unafaa, utanijulisha?"

"Wewe wa kwanza, Mama."

Akapanda. Nimebaki mpaka boti ikawa ndogo. Nimerudi kwa miguu, polepole, nikipumzika nilipotaka.